Chupa moja, dawa mbili: yajue haya kabla ya kumtia mtoto matone ya jicho au sikio

Mama, hebu fungua ule mfuko unaotunzia dawa nyumbani. Huenda ukakuta kichupa kidogo cha plastiki cha matone. Pengine bibi alipewa hospitali alipotolewa mtoto wa jicho. Pengine kilinunuliwa mwaka jana mtoto mkubwa alipougua macho mekundu, kikabaki nusu. Dawa ni pesa, kwa hiyo hakikutupwa. Leo mdogo wake ameamka macho yameganda kwa tongotongo, na mkono wako unakwenda kwenye kichupa hicho.

Kabla hujamtia, soma makala hii. Matone mengi ya macho na masikio tunayopeana majumbani si dawa moja. Ni dawa mbili ndani ya chupa moja, na kila moja ina kazi yake. Zikitumika mahali pake zinasaidia sana. Zikitumika pasipo pake zinaweza kulifanya jicho lionekane limepona huku ndani linaharibika. Mimi ni muuguzi wa jamii huku Mwera, wilaya ya Pangani, na hili ni jambo ambalo kila mama na mlezi anapaswa kulijua.

Ndani ya chupa kuna nini?

Dawa ya kwanza ni antibayotiki. Hii inaua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Haiui virusi, na haiui fangasi.

Dawa ya pili ni steroidi. Hii haiui kijidudu chochote. Kazi yake ni kutuliza uvimbe, wekundu, maumivu na muwasho.

Ili uelewe tofauti yake, fikiria mwizi ameingia mtaani usiku. Watu wanapiga mayowe, majirani wanatoka na taa. Wekundu, uvimbe na maumivu ya jicho ni mayowe hayo: mwili umemwona adui na unaita msaada. Antibayotiki ni mgambo anayemkamata mwizi, lakini huyu anamjua mwizi wa aina moja tu, bakteria. Steroidi inanyamazisha mayowe na kuwarudisha majirani ndani. Kama mwizi ameshakamatwa, vizuri, watu walale. Kama bado yumo ndani ya nyumba, anafanya atakavyo kimya kimya.

Ndiyo maana mtu anasema, "Dawa ile kiboko, siku ya pili tu jicho jeupe." Jicho kuwa jeupe siku ya pili si lazima liwe limepona. Huenda limenyamazishwa tu.

Utaitambuaje dawa yenye steroidi?

Jina kubwa lililo mbele ya boksi ni jina la biashara, na yako mengi. Usilitegemee. Geuza boksi usome maandishi madogo yanayotaja kilichomo. Huhitaji kujua Kiingereza. Tafuta neno linaloishia kwa herufi SONE au LONE, kwa mfano:

- DEXAMETHASONE
- BETAMETHASONE
- HYDROCORTISONE
- PREDNISOLONE

Ukiona mojawapo, hiyo ina steroidi. Mara nyingi pembeni yake utaona jina la antibayotiki kama NEOMYCIN, GENTAMICIN au CHLORAMPHENICOL. Hapo ndipo penye dawa mbili kwa pamoja.

Angalizo: chloramphenicol na gentamicin zinauzwa pia peke yake, bila steroidi, na vichupa vyake vinafanana sana na vile vyenye dawa mbili. Rangi ya boksi au umbo la chupa havitakuambia kitu. Soma jina. Kama boksi limepotea na maandishi ya chupa yamefutika, hiyo si dawa tena. Itupe.

Kwa nini ni hatari kujitibia nayo?

1. Virusi vya hepesi

Virusi hivi ni vile vile vinavyowatoa watu vidonda vya mdomoni baada ya homa. Wakati mwingine huingia kwenye jicho, mara nyingi jicho moja tu. Jicho linakuwa jekundu, linauma, linatoa machozi, na mtoto anakimbia mwanga. Kwa kutazama tu, hata mimi siwezi kukuhakikishia kuwa si macho mekundu ya kawaida. Mtaalamu wa macho hugusisha kwenye jicho kikaratasi chenye rangi ya machungwa, kisha humulika kwa taa ya bluu. Kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, kinang'aa kijani. Jicho hili likitiwa steroidi bila dawa ya virusi, kidonda kinapanuka na kuchimba, na baadaye huacha kovu jeupe mbele ya mboni. Kovu hilo halifutiki kwa matone yoyote.

2. Fangasi baada ya kuumizwa na mmea

Hili linatuhusu sana sisi tunaoishi na kulima kandokando ya mashamba ya mkonge. Jani la mkonge lina ncha kama sindano. Kuna pia jani la muhindi, pumba za mpunga, makuti na vijiti vya kuni. Kitu cha mmea kikikwaruza jicho, kinaweza kuacha fangasi kwenye jeraha. Ugonjwa hauji siku hiyo hiyo. Huja polepole, baada ya siku kadhaa au hata wiki, wakati mtu ameshasahau alichomwa na nini.

Antibayotiki iliyomo ndani ya chupa haiwezi kufanya kitu kwa fangasi. Steroidi inawaondolea kizuizi. Maumivu yanapungua siku mbili tatu, mtu anarudi shambani, kisha anaona doa jeupe linakua juu ya kioo cha jicho. Akichelewa, kioo kinaweza kutoboka. Kwa hiyo shika hili: jicho lililochomwa au kukwaruzwa na mmea, la mtoto au la baba yake, lisitiwe matone yenye steroidi hata tone moja mpaka mtaalamu alitazame.

3. Presha ya macho

Steroidi ikitumika kwenye jicho kwa wiki kadhaa mfululizo, kwa baadhi ya watu presha ya ndani ya jicho hupanda. Watoto wako kwenye hatari hii pia. Presha ya macho haiumi na jicho linaonekana safi, lakini mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu, kuanzia kingo za uoni kuelekea katikati. Mtu mzima huja kugundua anapoanza kujikwaa. Mtoto hawezi kukuambia, kwa sababu anadhani kila mtu anaona kama yeye. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi, hata kwa upasuaji.

4. Mtoto wa jicho

Ikitumika kwa miezi, steroidi inaweza kusababisha mtoto wa jicho hata kwa kijana mdogo. Huu unaweza kuondolewa kwa upasuaji, lakini ni safari ya hospitali kubwa ambayo ingeepukika.

Mtoto wa macho ya kuwasha kila mara

Hapa ndipo ninapoona matone haya yakitumika vibaya zaidi. Kuna watoto, hasa wavulana wa umri wa shule, ambao macho yao yanawasha mwaka mzima. Wanayasugua kutwa, yanatoa utelezi kama uzi, na sehemu nyeupe inakuwa na rangi ya kahawia. Huu ni mzio, yaani aleji, na unapatikana sana kwenye nchi zetu za joto. Hauambukizi.

Mama ananunua matone yenye steroidi, mtoto analala vizuri, hasugui tena. Dawa ikiisha, muwasho unarudi, ananunua nyingine. Anaona amepata dawa ya mwanawe. Chupa moja inakuwa tano, mwaka unapita, na hakuna aliyempima mtoto presha ya macho.

Kama huyu ni mwanao, usijilaumu na wala usikate tamaa. Mpeleke kwenye kliniki ya macho uwaambie ukweli: ametumia matone gani na kwa muda gani, na uende na boksi. Ziko dawa za aleji zisizo na steroidi ambazo zinaweza kutumika muda mrefu. Nyumbani, kitambaa safi kilichochovywa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kinapunguza muwasho. Mfundishe asisugue.

Macho mekundu ya mlipuko

Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa macho mekundu, ulioonekana kwanza kwa wingi Dar es Salaam kisha mikoa mingine. Miezi hiyo hiyo ulikuwapo pia pwani ya Kenya. Chanzo kilikuwa virusi. Macho mekundu ya aina hii huanza jicho moja na kuhamia la pili, yanatoa machozi mengi na kuhisi kama kuna mchanga, na nyumba nzima inaweza kuugua.

Kwa kuwa ni virusi, antibayotiki haisaidii. Kwa watu wengi huisha wenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Kinachosaidia ni hiki:

- Osha uso na macho kwa maji safi, na nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kugusa macho.
- Kila mtu awe na taulo, mto na khanga yake ya kujifutia. Upindo wa khanga unaofuta macho ya watoto watatu ndiyo njia ya ugonjwa kuhama.
- Mtoto apumzike nyumbani, asiende shule wala madrasa mpaka macho yatulie.
- Usimtie maziwa ya mama, mkojo, chai ya rangi, tui la nazi, maji ya majani wala mate. Wanja nao uwekwe pembeni.

Uoni ukififia, maumivu yakizidi au mwanga ukimuumiza, si macho mekundu ya kawaida tena. Nenda kituoni.

Kichanga mwenye usaha machoni

Hili halisubiri hata kesho. Mtoto aliye chini ya siku 28, macho yakavimba na kutoa usaha, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Anaweza kuwa amepata bakteria wa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa. Kisonono kinaweza kutoboa kioo cha jicho la kichanga kwa muda mfupi sana. Matibabu yake ni sindano au dawa ya kunywa, si matone ya dukani, na baba na mama pia hutibiwa. Usione aibu, tuko hapo kwa ajili hiyo.

Ndiyo sababu watoto wanaozaliwa kwenye kituo hupakwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini mara baada ya kuzaliwa. Ukijifungulia njiani au nyumbani kwa bahati mbaya, njoo mapema mtoto apate huduma hiyo.

Na masikio je?

Mtoto mdogo ana mrija mfupi kati ya koo na sikio, ndiyo maana mafua yakimkamata sikio nalo hufuata. Usaha ukijaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto analia usiku, anavuta sikio, ana homa. Kisha ngoma inatoboka, usaha unatoka, na maumivu yanapungua. Wengi hapo husema amepona, kumbe sikio sasa lina tundu.

Tundu hilo ndilo linalofanya baadhi ya matone yawe hatari. Antibayotiki za neomaisini na jentamaisini zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kufika sikio la ndani na kuharibu usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri anachelewa kusema, na shuleni anaitwa mkaidi au mzito wa kuelewa.

Kwenye zahanati na kituo cha afya, mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa hivi:

- Usaha wa chini ya siku 14: hupewa antibayotiki ya kunywa, mara nyingi amoksilini, dawa ya maumivu kama paracetamol, na mama hufundishwa kukausha sikio. Anarudi baada ya siku tano.
- Usaha wa siku 14 au zaidi: kazi kubwa ni kukausha sikio, pamoja na matone ya antibayotiki kama siprofloksasini kwa wiki mbili. Hayo ni salama zaidi kwa ngoma iliyotoboka.
- Uvimbe unaouma nyuma ya sikio: rufaa ya haraka. Ugonjwa umeingia kwenye mfupa na unaweza kufika kwenye ubongo.

Kukausha sikio hakuna gharama. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba au karatasi laini, kisokote kiwe kama utambi wa koroboi. Kiingize taratibu sikioni, kikilowa kitoe, weka kingine, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara tatu kwa siku. Kama umepewa matone, yatie baada ya kukausha. Dawa haiwezi kufanya kazi ikielea juu ya usaha. Usitumie njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala pamba za vijiti. Usitie mafuta ya nazi, maji ya kitunguu wala unga wa vidonge vilivyosagwa. Na wakati huo asiogelee, si baharini wala mtoni.

Jambo jingine: sikio linalowasha sana, lenye uchafu kama karatasi iliyolowa au vidoa vyeusi, huenda lina fangasi. Hali yetu ya pwani, joto na unyevunyevu, inawapendeza fangasi. Matone ya antibayotiki na steroidi yakitumika muda mrefu yanaweza kuwaongeza.

Basi dawa hizi ni mbaya?

Hapana. Zina mahali pake, na pakiwa pake ni dawa nzuri:

- Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mgonjwa hupewa matone yenye antibayotiki na steroidi kwa wiki kadhaa ili jicho lisivimbe wala kuambukizwa.
- Uambukizo wa njia ya nje ya sikio, ngoma ikiwa nzima, hutulia vizuri kwa matone ya aina hii.
- Baadhi ya magonjwa ya kope na ya ndani ya jicho huhitaji steroidi ili kuokoa uoni.

Tofauti ni kwamba hapo mtu amelitazama jicho au sikio kwanza, ameandika idadi ya matone na siku, na amepanga tarehe ya kurudi. Kwa hiyo kama bibi amepewa na daktari wa macho, asiache ghafla kwa kuogopa makala hii. Atumie alivyoandikiwa, na kama ana wasiwasi amuulize aliyemwandikia. Nyingine hupunguzwa kidogo kidogo.

Namna ya kutia matone uliyoandikiwa

Jicho:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Futa tongotongo kwa kitambaa safi chenye maji, kutoka karibu na pua kwenda nje.
2. Mlaze mtoto chali. Mdogo anayekataa, mfunge kwenye khanga mikono ikiwa ndani.
3. Vuta kope la chini kidogo, tia tone moja kwenye mfuko uliojitokeza. Tone moja linatosha, la pili linamwagika shavuni.
4. Ncha ya chupa isiguse jicho, kope wala kidole.
5. Bonyeza taratibu kona ya jicho karibu na pua kwa dakika moja, ili dawa isishuke kooni.
6. Kama ana matone ya aina mbili, subiri dakika tano katikati. Mafuta ya kupaka yawe ya mwisho.

Sikio:

1. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili. Matone ya baridi humpa mtoto kizunguzungu.
2. Mlaze ubavu, sikio bovu juu. Chini ya miaka mitatu, vuta ndewe ya sikio chini na nyuma. Mkubwa zaidi, vuta sikio juu na nyuma.
3. Tia matone uliyoandikiwa, abaki amelala dakika tatu hadi tano.

Matone ya sikio yasitiwe jichoni kamwe. Na chupa yoyote ya matone ya macho ikishafunguliwa, andika tarehe juu yake. Wiki nne zikipita itupe, hata kama imejaa nusu na hata kama tarehe ya kwisha muda bado.

Maswali tunayoulizwa kliniki

"Muuguzi, mwanangu na wa jirani wana macho yale yale. Kwa nini tusitumie chupa moja?"
Wekundu unafanana, chanzo huenda hakifanani. Na ncha ya chupa inabeba vijidudu kutoka jicho hadi jicho. Chupa moja, mtu mmoja.

"Maziwa yangu ni safi, mtoto anayanywa. Yatamdhurujicho vipi?"
Ni chakula bora tumboni, na miezi sita ya kwanza hahitaji kingine. Jichoni hayatibu ugonjwa, na sukari yake inaweza kulisha bakteria. Ubaya mkubwa ni siku mnazozipoteza mkisubiri.

"Jicho limetulia siku ya pili. Niache dawa?"
Kama ni antibayotiki uliyoandikiwa, maliza siku zako. Kuacha njiani na kutumia ovyo ndiko kunakoleta usugu, mpaka siku ya ugonjwa mkubwa dawa zinakataa.

"Duka la dawa wameniuzia bila cheti. Si inamaanisha ni salama?"
Hapana. Dawa yenye steroidi ya jicho inahitaji cheti. Muuzaji mzuri atakuuliza maswali na kukuelekeza kituoni. Usimkasirikie anayekataa kukuuzia. Anakusaidia.

Lini uende kituoni bila kusubiri

Mpeleke mtoto siku hiyo hiyo ukiona:

- Doa jeupe au ukungu kwenye kioo cha jicho, au mboni inayong'aa nyeupe
- Maumivu makali, au hawezi kufumbua jicho mbele ya mwanga
- Haoni vizuri
- Jicho limechomwa, limekwaruzwa au limeingiwa na chokaa au dawa ya shambani (hii ya kemikali, lioshe kwanza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 30, ndipo mwondoke)
- Kope limevimba mpaka jicho limefunga, pamoja na homa
- Ana surua na macho yanauma
- Ni kichanga na macho yanatoa usaha
- Uvimbe nyuma ya sikio, shingo ngumu, degedege, au uso umepinda upande mmoja

Najua kutoka huku Mwera kufika mjini Pangani ni nauli na kuvuka mto, na ukipewa rufaa ya Bombo kule Tanga mjini ni safari nyingine. Ndiyo maana nakuomba uanzie kwenye kituo kilicho karibu nawe mapema, ugonjwa ukiwa mdogo. Kwa utaratibu wa serikali, mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Safari ya mapema ni nafuu kuliko ya kuchelewa. Ukija, beba dawa zote ulizomtia, za dukani na za miti shamba. Hatutakugombeza. Tunahitaji kujua.

Kinga nayo ipo. Mnyonyeshe, na usimpe maziwa ya chupa akiwa amelala chali. Mpeleke kwenye chanjo ya nimonia wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela miezi 9 na 18. Mpe vitamini A kampeni ikipita. Asikae jikoni kwenye moshi wa kuni. Aoshwe uso kila asubuhi kwa maji safi.

Mambo matatu ya kumuuliza anayekupa matone

1. Dawa hii ina steroidi?
2. Ni matone mangapi, mara ngapi, kwa siku ngapi?
3. Nimrudishe lini, na nikiona nini nimrudishe kabla ya siku hiyo?

Ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wetu kukujibu kwa lugha unayoielewa. Sasa rudi kwenye ule mfuko wa dawa. Vichupa vilivyofunguliwa zamani, visivyo na jina au vya mtu mwingine, vitoe leo. Tulete kituoni tuviharibu, visibaki mahali ambapo mkono wa usiku, mtoto akilia, unaweza kuvifikia.